Handaki la Lirhanda lina somo tusilolifundisha

Kuishi kwingi, walisema wahenga, ni kuona mengi. Hata hivyo mtu aweza kuishi kwingi asikione kilicho miguuni pake. Mimi nilifundisha Kiswahili na Historia katika magharibi ya nchi hii kwa miaka mingi. Nilisahihisha insha nisizoweza kuzihesabu, nikawatahini vijana kuhusu mapinduzi ya viwanda kule Uingereza, nikawachorea ubaoni ramani ya machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini. Katika muda huo wote sikuwahi kutia mguu ndani ya handaki la dhahabu lililomo katika kilima cha Lirhanda, kusini mwa msitu wa Kakamega. Niliingia humo kwa mara ya kwanza baada ya kustaafu, nami nilitoka na aibu ambayo leo ningependa kuwagawia walimu wenzangu, maana aibu ya namna hii haifai kubebwa na mtu mmoja.

Nilikuwa nimefuatana na mjukuu wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, pamoja na kijana mmoja wa kijiji cha karibu ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni msituni. Tulipanda kilima asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Kileleni mtu huuona msitu umetandikwa chini yake kama mkeka wa kijani kibichi, na upande wa mashariki ukingo wa Nandi umesimama kama ukuta. Siku isiyo na mawingu, Mlima Elgon nao huonekana kwa mbali. Lakini kijana yule hakutupeleka kutazama mandhari tu. Alituteremsha kwa njia nyembamba hadi ubavuni mwa kilima, akafyeka matawi mawili matatu kwa panga, na hapo tukaliona tundu jeusi ndani ya mwamba.

Tuliinama tukaingia hatua chache. Hewa ilikuwa baridi na nzito, yenye harufu ya kinyesi cha popo. Maji yalidondoka tone moja moja kutoka juu. Kijana aliwasha kurunzi, akatuonyesha kuta, nasi tukaona alama za vyuma vilivyoung'ata mwamba: mkwaruzo juu ya mkwaruzo, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ukiwa ni pigo la mkono wa mtu. Mbele yetu popo walianza kutukutika, tukarudi nyuma.

Mjukuu wangu aliuliza, "Ni nani waliolichimba shimo hili?"

"Ni Wazungu," kijana akajibu, kama alivyozoea kuwajibu wageni.

"Wazungu walichimba kwa mikono yao wenyewe?"

Kijana akanitazama mimi. Mjukuu naye akanitazama. "Babu, wewe ulikuwa mwalimu wa Historia. Mbona hatukufundishwa habari hii?"

Sikuwa na jibu pale mlangoni mwa handaki. Makala haya ndiyo jibu langu, na limechelewa.

Naanza na yale ambayo ningepaswa kuyasema darasani. Mwaka 1931, mkulima mmoja mlowezi, Mmarekani aliyeitwa Johnson, alipata dhahabu katika eneo la Kakamega, lililokuwa wakati huo katika wilaya ya North Kavirondo. Habari ile ilienea upesi kama moto wa nyika, na wakati wenyewe uliuchochea moto huo. Mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia ulikuwa umeporomosha bei ya mahindi na kahawa. Nzige walikuwa wamekwisha kuyala mashamba. Walowezi wengi wa Uasin Gishu, Trans Nzoia na kwingineko walikuwa na madeni benki na hawakuwa na mavuno ya kuyalipia. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na thamani ya madini hayo ikapanda. Mwanzoni mwa 1934 Marekani nayo iliipandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia moja. Basi mtu aliyekuwa na shamba lisilolipa na lori bovu aliyapakia makoleo, karai na hema, akaelekea Kakamega. Walikuja kwa mamia. Serikali ya kikoloni ilimwita mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, ambaye hapo kabla aliwahi kuongoza upimaji wa miamba kule Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aje kulichunguza eneo lile. Naye alitoa taarifa yenye matumaini.

Mahali ambapo dhahabu ilionekana hapakuwa pori lisilo na wenyewe. Ilikuwa nchi ya watu waliolima na kufuga, nchi yenye msongamano mkubwa wa watu kuliko sehemu nyingi za koloni. Huko Samia, upande wa magharibi, wahunzi walikuwa wamefua chuma kwa vizazi vingi, na jembe lao lilikuwa mali iliyotembea kutoka soko hadi soko. Jembe lilileta chakula, nacho chakula kilileta watoto na mji. Dhahabu iliyolala chini ya mizizi ya mtama haikuwa imemsumbua mtu usingizi.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe, ambalo kila mwanafunzi wa Kenya angepaswa kulijua kama anavyoijua tarehe ya uhuru. Mwaka 1930, yaani mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu kugunduliwa, serikali ilikuwa imetunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Waafrika ingekuwa yao milele. Ilisema pia kwamba ikiwa kipande chochote kitachukuliwa kwa shughuli za umma, ardhi nyingine yenye ukubwa na thamani sawa itaongezwa mahali pake, na kwamba baraza la wenyeji litaarifiwa na kusikilizwa. Machifu walielezwa hayo, nao wakawaeleza watu wao. Ahadi ni deni, na deni hili liliandikwa kwa wino wa serikali.

Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka. Kuanzia hapo ardhi ingeweza kutolewa kwa wachimbaji bila ya wenyeji kupewa ardhi nyingine, bali fedha tu, na bila ya kulingoja baraza la wenyeji kutoa kauli yake. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba uchimbaji ni jambo la muda, na kwamba siku moja ardhi itarudi kwa wenyewe. Milele ya mkoloni ilikuwa imedumu kwa miaka miwili.

Si kwamba hapakuwa na waliokemea. Archdeacon Owen, kasisi aliyefanya kazi Nyanza na ambaye watawala wengi hawakumpenda, alipaza sauti yake. Kule Uingereza Lord Lugard, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mjenzi wa himaya hiyo hiyo, aliipinga hatua hiyo, na jambo likajadiliwa bungeni London mwanzoni mwa 1933. Aliyekuwa mtetezi wa ukoloni alipoona haya kwa niaba ya ukoloni, tunaweza kukisia jinsi jambo lenyewe lilivyonuka. Hata hivyo sheria haikurudishwa ilivyokuwa. Wenyeji wenyewe walipata funzo, nalo ni kwamba karatasi ya serikali yaweza kuandikwa upya usiku mmoja. Hofu ile ya ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma vijana waliosoma kuunda chama cha North Kavirondo Central Association katika miaka ya 1930. Tunawafundisha wanafunzi wetu majina ya vyama hivi wayakariri kwa ajili ya mtihani. Mara chache tunawaambia ni kitu gani kiliwakosesha waanzilishi wake usingizi.

Uchimbaji mkubwa nao ukaendelea. Mgodi uliovuma kuliko yote ni ule wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, uliofanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952. Katika muda huo ulitoa zaidi ya wakia 200,000 za dhahabu, yaani zaidi ya tani sita. Nani aliyekata mwamba? Naam, hapa ndipo lile swali la mjukuu wangu linapopata jibu. Wenye vibali na wasimamizi walikuwa Wazungu. Waliokwenda chini na sululu, waliotoboa mwamba na kuupasua kwa baruti, waliosukuma vigari vya mawe, walikuwa Waafrika walioubeba mwili mmoja na mizigo mitatu: kodi ya kibanda iliyodaiwa kwa fedha taslimu, kipande kilichoning'inia shingoni, na njaa ya familia.

Leo Rosterman ni jina la mtaa. Watoto wanazaliwa pale, wanakwenda shule, wanafunga ndoa, na jina la mgodi limekuwa jina la nyumbani. Wenyeji husimulia kwamba hata jina la Ikolomani lilizaliwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgodi wa dhahabu, yaliyopita katika vinywa vya Waluhya yakapata umbo lao. Ikiwa ni hivyo, basi kuna eneo bunge zima linaloitwa mgodi, na sisi walimu tunapita juu yake tukielekea darasani kufundisha habari za Johannesburg.

Baada ya kutoka Lirhanda nilimtembelea mzee mmoja ambaye baba yake alifanya kazi katika mgodi mmoja wa huko. Tulikaa chini ya mparachichi uani kwake, mjukuu wangu akaandika katika daftari.

"Mwalimu," mzee alisema, "usidhani nitakulilia. Mshahara wa mgodi ulimnunulia baba ng'ombe. Ulinilipia karo mpaka nikajua kusoma. Kinu cha kuponda mawe kilinguruma mchana na usiku, sisi watoto tukalala nao mngurumo ule kama wimbo wa mama. Halafu siku moja tuliamka, kukawa kimya. Baba alikwenda kazini akarudi kabla ya chai. Hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Mashimo waliyaacha wazi vile vile. Ng'ombe yule aliyenunuliwa kwa mshahara wa shimo alitumbukia katika shimo."

Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe unayesoma, nijibu. Shamba hili nina hati yake. Je, ni langu kwenda chini mpaka wapi?"

Mjukuu wangu alinitazama tena. Safari hii nilikuwa na jibu, na halikunifurahisha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema kwamba madini yote ni mali ya umma, na serikali ya kitaifa huyashika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Mkulima ana udongo anaoulima. Dhahabu iliyo chini yake ni yetu sote. Mzee alitikisa kichwa. "Sote," alisema. "Neno hilo nalo nimelisikia zamani."

Hapa huenda msomaji akauliza, kwa nini nifukue habari za kale? Ni kwa sababu handaki la Lirhanda limekufa lakini dhahabu haijafa. Kampuni kubwa zilipoondoka, wenyeji waliendelea kuchimba, na wanachimba hadi leo, Ikolomani na Rosterman, kama wanavyochimba wenzao kule Migori na Siaya. Vijana huteremka kwa kamba katika mashimo membamba yaliyoegemezwa kwa magogo. Mvua kubwa ikinyesha, magogo huoza na udongo huporomoka, na kila baada ya muda tunasoma habari za waliofukiwa. Juu ya ardhi, akina mama huketi siku nzima wakiponda mawe kwa nyundo, watoto wao wachanga wakiwa wamelala kando, vumbi likiwapitia wote. Na katika shule za vijiji vile, mwalimu wa darasa anapoita majina asubuhi, baadhi ya wavulana hawaitikii. Kila mtu darasani anajua waliko.

Isitoshe, ipo zebaki. Mchimbaji huisaga miamba, huuosha unga wake kwa maji, kisha humimina zebaki katika karai na kuikanda kwa mikono mitupu, kwa kuwa zebaki huinasa dhahabu na kuwa donge moja nayo. Baadaye donge hilo huchomwa motoni, mara nyingi jikoni, sufuria ya ugali ikiwa hatua mbili tu kutoka hapo. Zebaki huwa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke ule huingia mapafuni mwa aliye karibu, na mabaki humwagwa mtoni. Ulimwengu uliionja sumu hii kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki iliyotiwa baharini na kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Samaki waliila, watu wakawala samaki, na watoto wakazaliwa wakiwa wamekwisha kuumia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki umepewa jina la mji huo. Mwanafunzi wetu wa Kemia huikariri alama ya zebaki na uzito wake, kisha jioni hurudi nyumbani ambako ndugu yake anaikanda kwa vidole. Shule na nyumba hazijakutanishwa.

Katika miaka ya karibuni kampuni kubwa zimerudi. Zimetoboa mwamba na kupima katika sehemu za Isulu na Bushiangala, na mazungumzo yamekuwa ni ya mgodi wa kina kirefu, ya fidia na ya kuwahamisha watu. Mikutano imeitishwa, mingine ikawa na joto kali. Sikuandika makala haya ili kumwambia mtu akubali au akatae. Mwenye shamba ndiye anayejua uchungu wake, na mwenye njaa ndiye anayejua thamani ya kazi. Lakini natamka bila kuficha kwamba yeyote anayekwenda katika mkutano kama huo bila ya kuijua Desemba ya 1932 anakwenda akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Maana maswali ni yale yale. Je, tutapewa ardhi kwa ardhi, au fedha tu? Nani atasikilizwa kabla ya uamuzi, na nani ataarifiwa baadaye? Mgodi ukifungwa, mashimo yatafukiwa na nani? Neno la muda lina maana ya miaka mingapi? Tofauti ni kwamba leo tuna silaha ambazo baba zetu hawakuwa nazo. Katiba inadai fidia ya haki, itolewe kamili na kwa haraka, mtu anaponyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma. Inadai pia wananchi washirikishwe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua mahali pa ile ya kikoloni ya mwaka 1940, inaagiza kwamba mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii inayoishi palipo na madini. Inatambua pia mchimbaji mdogo na kumwekea utaratibu wa kibali. Yote hayo ni mema. Lakini silaha isiyojulikana matumizi yake ni kuni tu. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wa kidato cha nne, wenye haki ya kupiga kura baada ya mwaka mmoja au miwili, wanaoweza kuitaja ile asilimia kumi?

Wapo watakaosema kwamba historia haijazi tumbo. Kijana anayepata fedha za siku moja shimoni, watasema, hatatulia akisikiliza habari za magavana waliokufa. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Mgala muuwe na haki yake mpe: dhahabu imejenga nyumba za mabati Ikolomani, na imelipa karo ambayo mahindi hayangeilipa. Lakini nawauliza wenye hoja hiyo, ni nani aliyenufaika zaidi na dhahabu ya Kakamega katika miaka ile, aliyejua sheria au asiyeijua? Mlowezi alikuja na kibali mfukoni. Mwenyeji alikuwa na nguvu za mikono tu. Ujinga ndio uliokuwa bei nafuu kuliko vyote katika mgodi ule, na mwenye nao ndiye aliyeilipa.

Wengine watasema kwamba machimbo ni mahali pa hatari na si pa kupelekea watoto. Hao nakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Shimo linalochimbwa sasa si mahali pa mwanafunzi kwa vyovyote vile. Hata handaki lililoachwa lina hatari zake. Mwamba uliotulia miaka themanini waweza kuporomoka leo, na popo si wa kuchezewa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka nchini Uganda walipatwa na homa ya Marburg, na popo wa mgodini humo wakabainika kuwa na virusi vyake. Kwa hiyo sisemi tuwapeleke watoto ndani gizani. Mimi mwenyewe, kama ningeyawaza haya mapema, ningeishia mlangoni. Somo lenyewe liko mlangoni. Mtoto akisimama pale akaona giza lililokatwa kwa mikono ya babu zake, atauliza maswali ambayo kitabu hakiwezi kuyazua.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, walimu wa Kiswahili. Katika fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi habari za utafiti wa nyanjani: kuandaa hojaji, kuhoji, kurekodi, kunukuu, kuhifadhi. Mara nyingi tunaufundisha ubaoni kama mtu anayefundisha kuogelea juu ya mchanga. Wapo wazee wa Kakamega, Vihiga na Migori ambao wazazi wao walifanya kazi migodini. Wengi wao wamepita miaka themanini. Kila mmoja anapozikwa, tunazika pamoja naye nyimbo za kazi, majina ya zana, hadithi za waliofukiwa na mizaha waliyowafanyia wasimamizi wao. Mwanafunzi mmoja, daftari moja na simu ya mzazi ya kurekodia sauti vinatosha kuanza. Mjukuu wangu aliandika kurasa tisa katika alasiri moja, na aliniambia njiani kwamba hakuwahi kuandika insha yoyote bila ya kuhesabu maneno mpaka siku ile.

Pili, walimu wa Historia. Wekeni sheria ya 1930 na marekebisho ya 1932 mbele ya wanafunzi kama wekeo la kesi mahakamani. Gawanyeni darasa: hawa wawe serikali, hawa wawe baraza la wenyeji, hawa wawe walowezi wenye madeni, na mmoja awe Archdeacon Owen. Waacheni wabishane. Hati za wakati ule zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, nazo hazimfukuzi mwalimu anayezitafuta.

Tatu, walimu wa Sayansi na Jiografia. Miamba ya Kakamega ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika Mashariki, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na ni ya ukoo mmoja na ile yenye dhahabu kule Geita, Tanzania. Dhahabu imelala katika mishipa ya mawe meupe magumu iliyopita ndani ya miamba hiyo. Mtoto anaweza kuokota mfano wake njiani akija shuleni. Na somo la zebaki lifundishwe kama tunavyofundisha habari za malaria, yaani kama jambo linaloweza kumuua mtu wa nyumbani mwako.

Mtaala wa umilisi tulio nao siku hizi unatuhimiza kuanza na mazingira ya mtoto. Sasa basi, kama mazingira ya mtoto wa Ikolomani si mgodi, ni nini?

Nne, na hili nawaelekezea wenye madaraka katika kaunti zetu. Weka kibao pale Lirhanda na pale Rosterman. Kiandikwe Kiswahili na lugha ya wenyeji, kiseme mwaka, kiseme sheria, na kiseme kwamba mwamba huu ulikatwa na wafanyakazi wa Kiafrika. Yazungushiwe uzio mashimo yaliyo wazi. Tunaweka vibao barabarani kumsifu kila aliyezindua choo cha soko. Hatushindwi kuwawekea kibao watu waliotoa tani sita za dhahabu kutoka chini ya ardhi.

Siku ile, tulipokuwa tukiagana, yule mzee alimwomba mjukuu wangu amsomee aliyoyaandika. Alisoma yote, mzee akimsahihisha hapa na pale: jina la zana fulani, idadi ya ng'ombe. Alipomaliza, mzee alisema, "Hiyo ya ng'ombe kutumbukia shimoni, usiifute. Waliosoma hupenda kuiacha dhahabu na kumfuta ng'ombe."

Nimeitafakari kauli hiyo tangu siku ile, na naona kwamba ndiyo iliyo kiini cha maneno yangu yote. Vitabu vyetu vimeandika habari za dhahabu. Ng'ombe tumemfuta. Walimu wenzangu mlio bado darasani, mnao wanafunzi wenye kalamu na wazee wenye kumbukumbu, na muda uliobaki wa kuwakutanisha ni mfupi. Mimi nilikuwa na miaka mingi nikaipoteza. Ninyi msiipoteze yenu.